Kanda ya Nne Inaongoza

Jumatatu, 3 Machi

Kwetu tumekuwa wa kwanza! Sikuamini, nikarudia hesabu. Kanda saba za vijijini, na Kanda ya Nne — kwetu, alikobaki Mama, kule nilikotoka na begi moja na sijawahi kutamani kurudi — ndiyo yenye mvuto kuliko zote.

Niandike vizuri, maana nikija kusoma baadaye nitajiona nilirukwa na akili. Kazi yetu hapa ofisini ni kupima mvuto. Yaani: mtu akiachiwa achague, atapenda kuishi wapi? Tunaangalia barabara, maji, shule, zahanati, na zaidi ya yote nani anaingia na nani anatoka. Anayehamia kanda anaipa alama moja. Akiwa fundi au msomi, tena kijana, anaipa mbili, kwa sababu Mkuu anasema huyo ndiye damu ya kijiji. Anayehama anachukua barua ya uhamisho kwa mtendaji wa kijiji, na kila barua inapunguza alama. Kisha tunaweka sera tatu mezani na kuona kila moja itaipandisha kanda ipi na kuishusha ipi. Basi. Elimu yangu yote imeishia hapo.

Mkuu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, chai mkononi. Akasema ajabu ya Kanda ya Nne ni kwamba watu wakifika hawaondoki. Barua za uhamisho karibu hakuna. Mchora ramani akanitania: kumbe kwenu ni peponi, sasa umekuja kutafuta nini huku? Nikacheka. Nilijisikia fahari, sitadanganya.

Nimerudi nyumbani nikamkuta mdogo wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinamia beseni. Kikohozi kile kile. Nilitaka kumpa habari za kwetu, nikaona si wakati wake.

Jumatano, 5 Machi

Kiwanda cha kusaga mawe kimemwachisha kazi mdogo wangu. Hawakutamka neno ugonjwa. Wamesema apumzike mpaka aitwe, na sote tunajua pale haitwi mtu. Miaka yote hiyo anawachomelea mitambo yao katikati ya vumbi, kitambaa puani. Wenzake walimpa jina Cheche, na siku hizi hata Mama anamwita hivyo.

Anataka kwenda nyumbani. Nilimkatalia. Nikamwambia hospitali kubwa iko hapa mjini.

"Dada, mara ya mwisho tulikaa foleni mpaka saa ngapi, na tuliambiwa nini?"

Tuliambiwa turudi. Akasema zahanati ya kwetu ina mashine ya oksijeni, nesi anamfahamu tangu anasoma shule, na Mama yuko hapo hapo jirani. Halafu akasema: "Hapa nitakufa nikiwa mpangaji."

Nikaanza kukunja nguo zake.

Jumapili, 9 Machi

Amefika salama. Mama alipiga simu jioni — hupiga jioni tu, mchana anaogopa nisije nikafukuzwa kazi. Asubuhi wanamwekea mashine, analala vizuri, na leo amekula akamaliza. Sauti ya Mama ilikuwa nyepesi. Sijaisikia hivyo siku nyingi.

Chumba kimya. Usingizi umenipaa kwa sababu hakuna anayekohoa.

Alhamisi, 13 Machi

Leo tumelinganisha sera. Sera ya Kwanza: acha mambo yalivyo. Sera ya Pili: toa huduma kule ambako watu wanakuja wenyewe, uzihamishie kwenye kanda zisizovutia. Sera ya Tatu: ongeza kila mahali — hii imewekwa mezani ili ya Pili ionekane nafuu, kila mtu anajua. Imeshinda ya Pili. Inaipandisha Kanda ya Saba, iliyokuwa inaburuta mkia, na hasara yake, imeandikwa, ni ndogo.

Hasara ndogo iko wapi? Nikafungua jedwali. Zahanati ya kwetu. "Huduma ya ziada katika eneo lenye mvuto wa asili." Nesi na vifaa vyote kwenda Kanda ya Saba.

Nilimuuliza Mkuu kwa upole, kama vile naulizia la mtu mwingine. Naye akanijibu kwa upole. Si mtu mbaya, na hilo linanipa taabu zaidi kuliko angekuwa mbaya. "Kwenu watu wanakuja bila kuitwa, dada yangu. Sasa tuwarundikie vifaa ili iweje?"

Nimeomba kwenda kuhakiki. Amekubali upesi, maana jalada la ripoti bado halina picha. "Piga za vijana," akasema. "Vijana wanaorudi."

Jumatatu, 17 Machi

Niko kwetu. Nimekaa kwenye ngazi za zahanati.

Nilitumwa picha za vijana, na vijana nimewakuta. Wako kwenye benchi nje ya mlango, wamejipanga, mabega yamepanda karibu na masikio. Wachomeleaji, waendesha mitambo, fundi umeme mmoja. Wote wa kiwanda kile kile! Mashine ni moja, wanapokezana mpira wake wa kuvutia hewa. Cheche alikuwa katikati. Aliponiona akataka kusimama, wenzake wakamvuta shati akae.

"Shikamoo dada wa ofisini," mmoja akasema. "Umekuja kutuhesabu?"

Wakacheka, na kila aliyecheka akakohoa. Nikapiga picha wakiwa bado na meno nje. Wenyewe walitaka niwapige.

Nesi alinipa chai nyuma ya chumba cha dawa. Nikamuuliza: hawa wakipata nafuu wanakwenda wapi? Akanitazama kwanza. Akasema hawapati nafuu, mapafu yamejaa vumbi la mawe, vumbi halitoki. Wanachopata hapa ni muda. Waliokaa kwenye benchi hilo mwaka jana hayupo hata mmoja.

Na barua za uhamisho? Nilijiona mjinga wakati neno linanitoka.

"Barua ya kwenda wapi?" akauliza. "Makaburini?"

Hapo ndipo nilipoona tulichofanya. Kijana anarudi kufia kwa mama yake, sisi tunampa alama mbili kwa kuwa ni fundi. Akifa hachukui barua, kwa hiyo kwetu sisi hajaondoka. Anabaki kwenye jedwali, mzima wa afya, anaipandisha kanda. Kwetu tunaongoza kwa sababu tunazika. Nina aibu, nina hasira, na sijui nianze na ipi.

Mama amenikuta nimeinamia daftari. Anasema naandika nini na mdogo wangu yuko hai hapa, si nizungumze naye. Nakwenda.

Jumatano, 19 Machi

Orodha ya waliofariki iko ofisi ya vizazi na vifo, ghorofa moja chini yetu. Ghorofa moja! Hakuna aliyewahi kushuka ngazi kuiomba. Nimeshuka. Nimewatoa marehemu — si wa kwetu tu, kanda zote saba, nisije nikaambiwa napendelea. Kanda ya Nne imetoka ya kwanza imekuwa ya mwisho. Hata Kanda ya Saba iko juu yetu.

Mkuu alisoma yote, hakuruka kitu. Akavua miwani. Akasema kazi nzuri sana, tutaitumia mwaka ujao. Mbinu imeshapitishwa na kamati, ripoti iko kwa mpiga chapa, na kifo si uhamaji, kina ofisi yake. Nikamwambia ofisi yenyewe ndiyo hiyo hapo chini. Akashusha sauti: "Watasema umefanya haya kwa sababu ni kwenu."

Na kweli nimefanya kwa sababu ni kwetu. Ingekuwa watu wa Kanda ya Saba ndio wanaokohoa, nisingeshuka hizo ngazi. Najua hivyo, na naona haya. Lakini hesabu haibadiliki kwa mimi kuona haya.

Mchora ramani leo hana utani. Bila kuombwa amechora ramani ya pili kwa hesabu zangu, kwetu ameacha peupe kabisa. Ameiweka mwisho wa zile kurasa zitakazoonyeshwa ukutani siku ya kikao cha kamati, baada ya ule wa "Asanteni kwa kutusikiliza". Mkuu huwa hafiki mpaka huko. Akasema: wewe nitupie jicho tu, mimi nitabonyeza.

Ijumaa, 21 Machi

Takwimu za mwezi zimeletwa. Kanda ya Nne imepanda tena. Mhamiaji mpya: mwanamume, fundi mchomeleaji, kijana. Alama mbili.

Nimeingiza mwenyewe, kwa mkono wangu.

Jumanne, 25 Machi

Gari la ofisi limeshakwenda kwetu kuhamisha zahanati, na kikao bado hakijakaa. Wanaita majaribio.

Mama alinisimulia jioni, taratibu, kama anayesimulia habari za kijiji kingine. Wamechukua mashine, vitanda, kabati la dawa, na nesi na godoro lake. Dereva alikuja peke yake, hana mpakizi. Waliopakia ni vijana wa benchi. Nesi aliwakataza, wakasema hawawezi kumwacha dada wa watu ahangaike na mizigo. Mashine waliibeba wao, wakiiweka chini kila mara wapumzike, waivute hewa yake kidogo, wainyanyue tena mpaka waya wake wa umeme ukaishia mlangoni.

Nesi alilia. Amewaachia mtungi mmoja mdogo wa oksijeni, aliusahau makusudi. Wanautumia kwa zamu. Cheche ameomba awe wa mwisho kwa sababu, anasema, yeye bado ana nguvu. Nilitamani kumtukana.

Nikaomba nizungumze naye. Nilisikia anavuta pumzi ili aanze kusema. Akavuta tena. Kisha simu ikarudi kwa Mama, akasema mdogo wako anakusalimu.

Nimemwendea Mkuu, nimeomba gari nikamlete. Amesikitika, naamini kweli amesikitika. Gari lile lile ndilo limekwenda Kanda ya Saba, litarudi keshokutwa. Kikao kikiisha tu, anasema, nilichukue na dereva wake. Kikao kikiisha.

Alhamisi, 27 Machi

Ukumbini. Nimefungua daftari hili juu ya meza. Wanadhani naandika kumbukumbu za kikao. Sifanyi hivyo, naandika ili nisiinuke kabla kikao hakijaisha.

Kamati nzima ipo. Mwenyekiti yuko mbele, mchangamfu, ana chupa tatu za maji na hajafungua hata moja. Gari liko nje, nimeliona. Mchora ramani amekaa kwenye kompyuta, anabonyeza kurasa. Mkuu anaeleza. Anaeleza vizuri, huwa anaeleza vizuri.

Simu imetetemeka mapajani. Mama. Saa hizi? Nimeikata, mkono umefanya kabla yangu.

Mkuu amefika kwenye picha ya jalada. Ni ya kwangu. Wameikata — ukuta wa zahanati haupo, mpira haupo, benchi linaonekana kama la kijiweni. Vijana wamejipanga, wanacheka. Cheche katikati, mkubwa kuliko mlango. Chini yake: VIJANA WANARUDI. Mwenyekiti amesema wanaonekana wana furaha. Mtu nyuma yangu ameguna kukubali.

Mama tena. Safari hii sikuikata, nimeiacha itetemeke mpaka ikanyamaza.

"Asanteni kwa kutusikiliza." Wanapiga makofi. Bado ukurasa mmoja. Mchora ramani amegeuka ananitazama, kidole kiko juu ya kitufe. Ana watoto watatu na mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Amekodoa macho, anasubiri jicho langu.

Mwenyekiti anauliza huko Kanda ya Nne kuna siri gani. Mkuu anatabasamu, ananinyooshea mkono: mwenzetu huyu ni mwenyeji wa huko, atatueleza yeye. Vichwa vyote vimenigeukia. Kuna hadi wanaotabasamu.

Simu. Mara ya tatu. Mama hajawahi kupiga mchana.

Mwenyekiti amerudia, anacheka sasa: hebu tuambie dada, mnawafanyia nini watu huko, mpaka wakifika hawaondoki? Hakuna anayeniharakisha, wananiangalia ninavyoandika. Wanadhani naandika jibu.