Disketi Iliyofunika Chai ya Baba

Baba,

Asubuhi nikiosha vikombe nimekuta umefunika chai yako kwa disketi. Kumbe ni ile yangu ya chuo iliyopotea, yenye hadithi za marehemu bibi, Gogo! Nimekimbia nayo hadi kwenye kompyuta ya jirani yetu Molly, na tatu kati ya tano zimefunguka. Nimerudi kuchukua karatasi nikazichapishe.

Githeri iko jikoni. Disketi zako za kazini unazotaka kutupa usizichome, moshi wake ni sumu. Nitazikatakata mwenyewe, barua za watu zilizomo zisisomwe.

~~Nitarudi saa kumi.~~ Saa kumi na mbili, printa ni ya polepole.

Ilipopotea nilikuambia si kitu. Nililia wiki nzima. Ni maneno ya mama yako, Baba. Nilitaka uyasome wewe kwanza.

Binti yako,
Chepkurui