Minazi Uliyopewa Ulipoachishwa Kazi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu siku uliyosafiri kwenda Kilwa kwa binti yako sikufika bandarini. Nilikuwa bomani, hatua chache tu kutoka hapo, nikijifanya nina kazi.

Unakumbuka nilipochaguliwa kwenda skuli ya bara? Ulikuwa uani kwako Miburani, unafua nazi. Nilitaka kukusaidia, ukanisukuma mbali na kifuo. "Huo mkono wa kalamu," ulisema. "Ukichomwa, serikali itaandikiwa na nani?" Mkeo akacheka mpaka akakaa chini. Nilipoanza kukushukuru kwa kunilipia ada, ulinikatiza: "Mtoto wa dada hashukuru. Anachukua haki yake."

Tajiri wako alipouza shamba lake, wewe uliyelisimamia tangu ujana wako uliachishwa kazi. Hakukupa fedha. Alikupa minazi kadhaa ya upande wa Utende, miti mitupu, ardhi ikawa ya mnunuzi, kama ilivyo desturi yetu. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, mgeni hapa, hakuelewa mtu anamilikije mti bila udongo wake. Ila alielewa upesi kwamba minazi ni mali, akataka kujua kama itozwe kodi ya mapato.

Mimi, karani na mkalimani wake, kanuni nilikuwa nimeisoma. Mwajiri akiwa ameahidi kitu kiwe malipo ya kuondoka kazini, kitu hicho huhesabiwa kama mshahara, na hutozwa. Akikitoa kwa moyo wake tu, kazi imekwisha, ni zawadi, hakitozwi. Na mama alikwisha kunisimulia kwamba tajiri hakukuahidi chochote. Siku ya kuagana alikushika mkono, akakuonyesha miti.

Asubuhi ulipoitwa bomani kuhojiwa tulitembea pamoja hadi Kilindoni. Njia nzima maneno yalikuwa kinywani mwangu. Niliogopa kwamba karani anayemwelekeza mtu majibu atafukuzwa. Tena, mpwa amfundishe mjomba wake kusema? Ukawa unazungumzia bei ya mbata, nami naitikia.

Ofisini nilifasiri swali: je, tajiri alikupa kwa hisani yake tu? Ulinitazama mimi, hukumtazama Mzungu.

"Mwambie mimi si ombaomba. Sikupewa sadaka. Ile ni haki yangu, tulipatana."

Tarishi aliyesimama mlangoni aliinamisha kichwa kwa kukuheshimu. Nilijua hamkupatana, na nilijua kwa nini umesema hivyo mbele ya watu. Ningeweza kuomba ruhusa nikueleze swali lile lina uzito gani. Badala yake nililipeleka jibu lako kwa Kiingereza safi, neno kwa neno, na Bwana Shauri akanisifu.

Kodi ilipokuja, ukaiweka minazi rehani kwa mwenye duka. Hukunilaumu. Uliniuliza tu, umesimama kizingitini kwetu, "Kwani nilijibu vibaya?"

Nikasema, "Hapana, Mjomba."

Tangu siku hiyo mama akinipakulia chakula siwezi kumtazama usoni.

Sasa nimekwisha kumwambia Bwana Shauri ukweli. Alinikaripia, kisha akasema shauri linaweza kufunguliwa tena, lakini sharti uje mwenyewe useme kwamba ulipewa tu, hamkupatana. Nimejaribu kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwako mbele ya tarishi yule. Ukipenda kuja, njoo, nami safari hii nitakueleza kila kitu kabla hatujaingia. Mimi sitakuomba uyaseme.

Nimekwenda dukani. Kila mwezi nampa mwenye duka sehemu ya mshahara wangu mpaka rehani iishe, naye amekubali nazi za msimu huu zianguliwe kwa jina lako. Najua utakasirika, utasema huli sadaka ya mtoto.

Usinishukuru, Mjomba. Chukua haki yako.

Ni mimi,
mtoto wa dada yako