Fasi Kapita Anakataa Kulala

Mpendwa papa,

Kuna neno sijamwambia mtu, hata mama. Juzi nilitafsiri uongo, na niliutafsiri vizuri.

Unakumbuka ulivyofanya kabla ya kupanda? Mvua ikikatika ulimfungulia mbwa wetu mlango, ukakaa kwenye kibao kumtazama akizunguka shamba. Majirani walicheka, eti mkulima wa kambi ya Nakivale anaongozwa na mkia. Wewe ulinivuta karibu na pale alipojilaza: "Fasi mbwa analala, udongo uko muzima. Fasi anakataa, na wewe kataa." Ndiyo maana ulimwita Kapita, msimamizi wa kazi.

Tangu tukuzike, Kapita alikuwa akilala palepale kwenye bustani ya mama ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Sasa halali. Anafika, ananusa, anarudi nyuma kama ameitwa na mtu nisiyemwona. Analala juu ya mawe kando ya choo, miguu inamtetemeka hata jua likiwaka.

Ilianza siku baba mdogo Sadoki alipowaogesha mbuzi wake dawa ya kupe. Nilimwona akisuuza pampu, mabaki yote akayamwaga kwenye lengalenga. Aliniona nikimwona.

Kisha wakaja vijana wawili kutoka Mbarara, dada na kaka, wenye karakana huko Kamukuzi. Wanabuni kifaa cha kupima afya ya udongo na ya mnyama wa nyumbani kwa pamoja: fimbo ya kuchomeka ardhini, na mkanda wa kumvalisha mbwa shingoni. Walitaka kujua sisi tungependa kiwe namna gani, kiwake taa au kiseme. Baba mdogo akasema kisiseme, nyumba hii wasemaji wanatosha. Wakacheka. Mimi nilikuwa katikati, Kiingereza huku, Kiswahili kule, macho chini.

Taa ya fimbo ikawaka kijani. Ya mkanda wa Kapita ikawaka nyekundu. Yule dada akakunja uso, akaniambia fimbo inajua maji na uchachu wa udongo tu, sumu haiijui. Niulize kama kuna dawa iliyomwagwa hapo. Nikauliza. Baba mdogo akanitazama mimi, si wao.

"Waambie hapana. Mvua ilishaosha."

Nikawaambia la kwanza tu, hapana. Wakaandika kwamba mbwa amezeeka.

Papa, ulinifundisha nisimpinge mkubwa mbele ya wageni. Wageni wakishaondoka nifanye nini, hukuniambia. Lengalenga imenawiri vibaya, majani mapana kama masikio. Kesho mama atachuma ya kwanza, amsagie mdogo wangu Neema, ambaye ndiyo kwanza anaanza kula. Kapita hajainuka tangu asubuhi. Mkanda waliomwachia shingoni bado unawaka, na hakuna anayeuuliza kitu.

Nasikia buti za mpira uani. Ni baba mdogo. Siku zote nikisikia mtu, karatasi zangu nazisukuma chini ya mkeka, unanijua.

Amefika mlangoni. Hii naiacha mezani, mama aisome. Nimemwita mama, kwa sauti ambayo wewe hukuwahi kuisikia kwangu.

Lala salama, papa. Nimekataa.

Binti yako, yule asiyesema