Mstari Begani mwa Evert

Björlanda, Jumapili, 2 Mei 1999

Wamelichagua gari letu, Torbjörn. Kati ya magari kumi na tisa yaliyopendekezwa wamechukua letu, na Sivert amekuja mwenyewe kuniambia, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Mkeo na mjukuu wangu Malin hawajambo? Huko Östersund theluji imeondoka au bado mnaikanyaga? Mimi ni mzima, goti tu linalalamika nikipanda ngazi, lakini goti la miaka sitini na minane lina haki ya kusema.

Basi sikia. Mwezi wa Agosti mkanda wa usalama wa ncha tatu unatimiza miaka arobaini tangu mteja wa kwanza akabidhiwe gari lenye mkanda huo. Sisi wastaafu wa kiwanda tunafanya maonyesho yetu kwenye ukumbi wa chama, hapa Torslanda. Sivert, mwenyekiti wetu, alitaka gari lililookoa mtu, si gari lililopakwa rangi upya. Nikamwambia acha kuzunguka, lipo kwenye banda la kaka yangu tangu mwaka 1974, boneti imekunjwa kama barua, na mkanda wake nimeukagua kwa mikono hii.

Tulihitaji jambo la kujivunia mwaka huu. Tangu Januari, redio ilipotangaza kwamba Volvo upande wa magari madogo inauzwa kwa Wamarekani, wazee hapa wamenuna kama waliofiwa. Sivert anasema tumesalitiwa. Mimi nawaambia magari watauza, mkanda hawauzi, maana ule tuliutoa bure. Si kweli? Kiwanda kingeweza kuufungia dunia nzima na kulipwa, kikasema kila atengenezaye magari na auchukue. Leo hata mfalme akipanda gari anafungwa na kitu cha kisiwani kwetu Hisingen. Na mimi mamako nimevikagua vingapi kwa miaka ishirini na saba? Nikivuta mkanda mara moja nakwambia kama aliyeushona aligombana na mumewe asubuhi ile.

Picha nayo inakwenda. Unaikumbuka: baba yako jikoni, kifua wazi, siku ya tatu baada ya ajali, na ule mstari wa zambarau unamkata kutoka begani hadi nyonga ya pili. Mke gani mwingine angempiga picha mumewe mgonjwa kwa kujivunia mkanda? Nikaibandika kantini, wanawake wa zamu yangu wakaacha kahawa zao zikapoa. Ilikaa pale ukutani mpaka nikastaafu. Mkanda ulifanya kazi yake hata kama dereva hakufanya yake.

Habari hiyo ya dereva nayo nimemsimulia Sivert aiandike kwenye kibao cha maelezo. Dereva wa majaribio wa kiwanda kizima, mchana kweupe, barabara kavu, anatoka njiani kwenye kona ya Säve na kugonga jukwaa la mawe ambapo wakulima huacha madebe ya maziwa yachukuliwe, kitu kilichosimama pale tangu enzi za babu yake. Mahakama ikachukua leseni, kazi ya majaribio ikaisha, akapelekwa ghalani kupanga misumari, na watu wakamwita Evert Maziwa mpaka kaburini. Ndipo mimi nikajifunza kuendesha. Kila tulipotoka nilimnyoshea mkono: "Lete ufunguo, Evert, leo hatuendi kununua maziwa." Naye anatoa ufunguo, anacheka na wenzake, anazunguka upande wa abiria. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila usukani haukuwa wake.

Wewe nawe uje. Ni aibu, mtoto wa watu wawili wa kiwanda, miaka arobaini na miwili, huna gari wala leseni, unakagua tiketi kwenye treni, na sasa nasikia humruhusu hata Malin ajifunze. Nikiulizwa nasema macho yako mabovu.

Mama yako

*

Östersund, 11 Mei 1999

Mama mpendwa,

Barua yako imetukuta salama, tunamshukuru Mungu. Pole na goti. Theluji imebaki kwenye vivuli tu.

Hongera kwa gari. Najua ulivyolipenda, na mkanda huo hakuna aliyeujua kuliko wewe. Lakini nina ombi moja, na naomba usilicheke. Gari lipeleke, picha iache nyumbani. Na ile habari ya maziwa usiiweke kwenye kibao. Baba ana miaka minane kaburini, mwache apumzike. Andikeni tu kwamba mkanda ulimwokoa mtu.

Kuhusu kuja, ratiba za treni za kiangazi hazijatoka, siwezi kuahidi. Malin bado mdogo. Leseni haina haraka.

Mwanao

*

Björlanda, Jumapili, 30 Mei 1999

Torbjörn,

Leo sikuulizi hali.

Jana tulilitoa gari bandani. Sivert amepata sanamu ya kuvalisha suruali na shati ili iketi kwenye kiti cha dereva, akaniomba niketi kwanza mimi, na picha nimeishika mkononi, aone mkanda upite wapi. Nikaingia, nikafunga. Ulinibana vibaya, nikalaumu maandazi ya mdalasini.

Sasa wewe uliyelelewa na mkaguzi, nisome polepole. Dereva wetu hukaa kushoto. Mkanda wake unatoka kwenye nguzo ya mlango wa kushoto, unapita bega la kushoto, unashuka hadi nyonga ya kulia. Nimeufunga hivyo maelfu ya mara. Nikaitazama picha. Baba yako amevaa saa yake mkono wa kushoto kama siku zote, na bega la upande wa saa ni safi kama la mtoto mchanga. Mstari unaanzia bega la kulia.

Miaka ishirini na mitano nimeionyesha picha ile kwa watu wa mikanda watupu, na hakuna aliyeona, mimi wa kwanza. Amekukabili, kulia kwake ni kushoto kwako, jicho linakubali linachotaka.

Sivert akasema labda picha ilisafishwa kinyume. Nyuma ya baba yako kuna kalenda ya jikoni. Oktoba 1974, inasomeka sawasawa.

Nikazunguka, nikaketi upande wa abiria. Nikauvuta mkanda wake hadi pale unapopita kwenye chuma. Nyuzi zimeng'aa na kuwa ngumu. Mkanda uliobeba mtu kwa kishindo haurudi ulivyokuwa. Hiyo ndiyo kazi niliyolipwa kuijua. Mwaka ule niliukagua ule wa dereva tu, nikaona alama, nikaridhika. Nikaurudia jana. Umeng'aa pia, tena umepunguzwa urefu kwa mtu mwembamba. Baba yako na kitambi chake asingeingia humo hata akizuia pumzi.

Walikuwa wawili, na yeye hakuwa kwenye usukani.

Tangu jana nakumbuka. Oktoba ile, wiki tatu, ulikataa kuvua nguo na kuingia sauna, kwenye mvuke, nasi Jumamosi. Ulikula umevaa sweta la sufu hadi kidevuni, nikakugombeza kwamba unanuka.

Niandikie kwa mkono wako. Usipige simu. Kwenye simu utalia, nami nitakuhurumia kabla ya wakati.

Gunvor Hallberg

*

Östersund, 6 Juni 1999

Mama,

Natumaini u mzima, ingawa najua si mimi wa kuuliza.

Nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sheria bado hainiruhusu. Wewe ulikuwa kanisani kwenye ushonaji wa Jumamosi, nami nilikwambia nakwenda kwa Leif. Baba alinipitia njiani. Ilikuwa mara ya nne kunipa usukani. Alisema mtoto wa dereva wa majaribio asifundishwe na mgeni.

Kwenye kona ya Säve alikuwa ananionyesha jinsi ya kupunguza gia, nami nikatazama mkono wake badala ya barabara. Ndiyo hivyo tu. Halafu mawe. Tulikaa, mikanda imetushika, vipande vya vioo mapajani. Akaniuliza kama vidole vya miguu vinacheza. Nikasema vinacheza. Akafungua mkanda wangu kabla ya wake. Akasema, "Pita shambani uende kwa Leif. Aliyekuwa anaendesha ni mimi." Nikasema Mama atajua. Akacheka, huku anajishika mbavu. "Mama yako atanikasirikia wiki mbili. Mimi amenizoea."

Alidhani ni wiki mbili, Mama. Hakujua watachukua leseni. Hakujua kuhusu ghala. Leseni ilipochukuliwa nilimwambia nitakwenda polisi kusema, akanikatalia. Alisema nikisema, shule ya kiwanda haitanipokea, na yeye atakuwa amepoteza kazi bure. Shule nikaenda, nikaiacha mwaka wa kwanza. Sikuweza kuketi tena upande ule. Macho yangu ni mazima.

Kila Krismasi ulipodai ufunguo, nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma. Mazikoni Sivert aliposimulia maziwa na watu wakacheka, nilicheka nao. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mawe yenyewe.

Ndiyo maana Malin hajifunzi. Si umri.

Sina la kujitetea. Nisamehe ukiweza.

Mwanao

*

Östersund, 4 Julai 1999

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ni wiki nne sasa. Nimempigia mama mdogo Ingegerd, akasema unakula, unalima viazi, na kwamba nisiulize zaidi. Malin anauliza kama bibi anaumwa. Nimwambie nini?

Andika hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mwanao

*

Björlanda, Jumapili, 1 Agosti 1999

Torbjörn,

Hujambo? Mimi sijambo. Viazi vimetoka vizuri kuliko vya Ingegerd, na amekiri mwenyewe.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilikuwa inakutafuna. Nikachana, nikachana tena. Sasa nimechoka kuchana.

Nilidhani mwaka huu nimekwisha kusalitiwa na redio, inatosha. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Wamarekani walinunua kiwanda mchana, watu wote wakisikia. Nyinyi wawili mlikaa mezani kwangu, mkila kaukau zangu na samaki wangu wa siki, mkijua. Na yeye namlaumu zaidi yako, maana wewe ulikuwa mtoto. Nilikwenda makaburini nikamwambia, kwa sauti, mpaka mtunza bustani akazima mashine yake. Nilimuuliza: ulinionaje, Evert? Ulidhani ningemla mtoto? Ningemkasirikia wiki mbili na yeye.

Mlinifanya nimcheke mtu asiye na kosa miaka kumi na saba. Hamkuniibia ukweli peke yake, mmeniibia mume niliyekuwa naye. Mimi nilikuwa nimeolewa na Evert Maziwa. Yule mwingine, aliyefungua mkanda wako kabla ya wake, sikuwahi kukaa naye hata kahawa moja. Unajua neno langu la mwisho kwake? Muuguzi alikuwa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda kupimwa. Nikasema, "Afadhali leo unaendeshwa." Akacheka, Torbjörn. Akanipungia mkono. Sikumwona tena akiwa macho. Hilo nilibebe nilipeleke wapi?

Bandani nako, miaka yote ile, nilimtania kwamba gari ni mke wake wa pili. Alikuwa anakwenda kuketi humo Jumapili, siku zote upande wa abiria. Nilidhani anakwepa usukani uliobonyea.

Juzi nilikwenda kwenye ukumbi wa chama. Kibao kilikuwa kimekwisha chapwa, maziwa na yote. Nikawaambia wazee. Mmoja akaanza kusugua miwani. Sivert akasema tuache kilivyo, watu wanaipenda hadithi ile, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeitaka. Nikamwambia kibao kinachapwa upya ama gari linarudi bandani nikilisukuma kwa goti hili hili. Kimechapwa upya. Sanamu tumeitoa. Picha iko pale pale, na chini yake nimeandika mimi: Mkanda wa abiria. Evert Hallberg, dereva wa majaribio. Neno Maziwa nimewakataza, na anayelisahau anajinunulia kahawa kwingine.

Kwenye kiti cha dereva pia kuna kibao. Kimeandikwa: Mkanda wa dereva. Baada ya hapo ni peupe. Sivert alitaka kuandika jina lako, nikamzuia mkono. Utaliandika wewe, kwa kalamu, mbele ya wale uliocheka nao mazikoni, na utawaambia kwa mdomo wako nani alikuwa kiti kipi siku ile.

Usije na machozi ya kuninunua. Sijakusamehe, na sijui kama ni mwaka huu. Lakini kitanda chako nimekitandika, na Ingegerd anaandaa ile keki yake ya mikate na kamba wa baharini, ya watu thelathini. Malin mlete. Mimi nina leseni ya miaka ishirini na minne bila mkwaruzo, na sheria ya siku hizi inamruhusu kujifunza na mtu kama mimi. Tutaanzia kwenye uwanja nyuma ya ukumbi, na wewe utaketi nyuma ufunge mkanda unyamaze, hilo unaliweza.

Treni yako inafika Göteborg asubuhi, nimeuliza. Wazee wote watakuwepo, na wanawake wa zamu yangu walio hai, na mama yako mdogo, na mimi mlangoni na kalamu. Ni Jumamosi, tarehe 14 Agosti, saa tano asubuhi.

Mama yako, mjane wa Evert