Mbele ya Ngoma Iliyokimbiwa

Jumamosi jioni, Cheyo

Na bado vumbi la uwanja wa Puge limenikaa kooni, chai haijalitoa.

Wifi yangu Monika alinicheka tangu asubuhi. "Wifi, tunaenda kwenye tamasha la ngoma au tunahama?" Kisa dumu la maji na kanga za kujifunga puani nilizofungasha. Iliniuma, lakini nilivibeba. Mama mkwe haoni vizuri, na uwanja ule wa kiangazi hauna hata kichaka.

Kosa langu ni moja. Nilimwambia, "Mama, tukipoteana, simama mbele ya ngoma ya kwetu." Nilisahau kwamba ngoma mbili huchezwa kwa pamoja, na inayovuta watu wengi ndiyo mshindi. Wapinzani walipotoa chatu, uwanja mzima ulikimbilia kwao. Vumbi likatanda. Mkono wa Mama ukanichomoka.

Nikajua wamemkanyaga. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mume wangu, na hayakuja…

Vumbi lilipotulia, nikamwona. Alikuwa pale pale mbele ya ngoma yetu, mtazamaji pekee, akiwapigia makofi wachezaji waliokimbiwa na watu.

Nilimpa maji. Monika naye akaomba, safari hii bila utani.

"Haya Mama, twende tukamwone huyo chatu," nikasema.

"Nendeni nyie. Nikiondoka mimi, hawa watamchezea nani?"

Basi tukabaki naye, tukacheza mpaka jua likapoa. Ngoma yetu imeshindwa vibaya. Ingeshinda, Mama ningempata wapi?