Mkuyu Niliowaelekeza Wageni

Korogwe, Alhamisi jioni

Kumbe mkuyu wenyewe ulishakatwa. Mimi ningejuaje? Mwezi wa pili huu niko ndani, mwali hatoki, mji nausikia kwa masikio tu.

Wageni wa upande wa mume walifika jana kwa miguu kutoka Kang'ata. Leo asubuhi baba akasimama nje ya pazia: "Waelekeze pa kutembea, wewe ndiye uliyekuwa mtembezi." Nikawaambia waanzie stesheni, walione gari la moshi la Wadachi likijazwa maji, kisha wafuate mto mpaka penye mkuyu, kwa mama anayekaanga perege watamu.

Wamerudi na njaa. Gari la moshi wameliona. Penye mkuyu pamejengwa ghala la mkonge, na yule mama hakuna anayejua alikohamia. Niliona haya mpaka nikalia.

Shangazi wa mchumba wangu akaingia kunibembeleza. Akanishika mkono.

"Usijali, mwanangu. Kwetu Kang'ata hakuna kinachobadilika. Huko hutampotosha mtu."

Nikaitikia, "Ahsante, mama."

Harusi ni kesho, kisha napelekwa Kang'ata. Hata hilo ghala sitaliona.