Siku Redio Aliponyamaza

Kibanda cha Kinyozi,
Mtaa wa Pili, nyuma ya stendi.
Jumatatu, 9 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Shemeji naye, mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anafoka vizuri zaidi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mimi bado nanyoa vichwa vya watu, na jioni miguu inanidai kupumzika.

Barua yako imefika. Nimeelewa kwamba unataka binti yako Redio, tunayeishi naye huku, aje kwenu mwezi ujao, na chuo umeshamtafutia. Najua ulivyohangaika, dada, ahsante sana. Ila nisikufiche: mafunzo yake ya uongozi yanaisha Desemba, na mambo hayo mawili yamegongana. Tangu nimsomee barua yako, Redio wetu haongei. Hebu fikiria, mtoto tuliyempa jina la Redio kwa kuongea kwake.

Najua mafunzo hayo unayaona ya kupotezea muda. Hata mimi niliyaona hivyo. Wamechaguliwa vijana wachache wa mtaani kwetu, Jumamosi wanakutana maktaba, siku nyingine wanapita nyumba kwa nyumba. Nilidhani wanafundishwa kuhutubia, nikasema kwa huyu wa kwetu mwalimu hana kazi. Kumbe wapi! Sharti lao la kwanza ni kwamba mkutanoni kijana hamsemei mtu. Anamtafuta mwenye shida, anamsikiliza, anamsaidia kujiandaa, kisha anakaa kimya na mwenye shida anasema mwenyewe.

Redio alichagua suala la zahanati yetu. Inafungwa saa tisa alasiri, na wanawake wa sokoni wakitoka kwenye biashara zao wanakuta kufuli. Jirani yangu muuza mkaa, tunamwita Mama Pacha, mmoja wa watoto wake ana kifua kinachombana jioni. Redio akamshawishi aseme. Mazoezi wakayafanyia kibandani kwangu, mbele ya kioo, wateja wamekaa na vichwa nusu nusu. Nililalamika, lakini nani wa kunisikiliza?

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa, na mganga mkuu wa zahanati alikaa mbele. Mama Pacha akaitwa, akasimama, na maneno yote yakamtoka kichwani. Mwenyekiti akaangalia saa. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mimi, unanijua, nilishaanza kunyanyuka nimsaidie, wifi yako akanivuta shati.

Nikamtazama Redio. Kila neno alikuwa nalo, maana ndiye aliyeyapanga naye. Alikuwa amekalia mikono yake, machozi yanamshuka, anamwangalia yule mama na kumwitikia kwa kichwa tu. Dada, mtoto huyu alikuwa akiongea hata usingizini! Roho iliniuma, na papo hapo nikamwonea fahari.

Mwishowe Mama Pacha akayaacha yote ya kwenye kioo, akasema, "Mwanangu haugui kwa saa za kazi." Akakaa. Mganga mkuu alikubali zahanati ifunguliwe jioni ya Jumanne na Alhamisi, iwe majaribio hadi Desemba, na wanawake wawe wanakwenda kumweleza mambo yanavyokwenda. Redio ndiye anayewakusanya.

Nimeufikiria sana ukimya ule wa Redio. Miaka yote nilijua kiongozi ni yule anayewahi kusema. Sasa nikiwa nanyoa mtu najikuta namwacha amalize maneno yake, na wateja wananiuliza kama naumwa.

Jana Redio alinijia kibandani, akaniomba nikuandikie nimtetee, kwa kuwa wewe unanisikiliza. Sikungoja kuombwa tena. Nikashika kalamu, nikamwaga maneno matamu nusu ukurasa. Ghafla akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Acha, Mjomba," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Basi karatasi ile tumeichana, na hii ni nyingine. Nimekueleza niliyoyaona tu. Sikatai kwamba moyo wangu una upande, lakini kuhusu safari sisemi kitu.

Msalimie sana Shemeji, na Bonge, kitinda mimba wenu, mwambie kofia aliyoniomba naitafuta. Wifi yako anawasalimu. Mama anakuombea baraka, na anasema uvae nguo nzito hata kama hakuna baridi.

Redio atakupigia Jumapili mchana. Huenda mkaelewana, huenda msielewane, wewe ndiye mama yake. Ninakuomba jambo moja tu, dada: akikawia kuanza, usikate simu.

Mungu awafunike kwa heri na afya.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda siku zote,
Kinyozi